Mtoto wa Sita wa Jirani Yangu

Mtaani kwetu Lizaboni, hapa Songea, mtu akifariki huwa naitwa kuandika wasifu wa marehemu, ule unaosomwa kabla jeneza halijatoka nyumbani. Sikusomea kazi hiyo. Shule niliishia darasa la saba; mengine nimejifunza mwenyewe kwenye vitabu vya kuazima, na kompyuta nilianza kuijua nikiwa na miaka arobaini na mitatu, kitufe kimoja kimoja. Napenda mambo yaende kwa mpangilio: alizaliwa, alisoma, alifanya kazi, alioa, aliugua, ameacha.

Jirani yangu, mzee aliyekuwa fundi mwashi, ndiye pekee aliyewahi kunijia akiwa hai. Macho yake yalishafifia, kuandika hakuweza. Alikaa barazani kwangu asubuhi mbili akinisimulia maisha yake, nami nikiandika kwa penseli. Asubuhi ya pili alishusha sauti. Kabla hajaoa, alipokwenda kijiji cha Mbesa kwenye kazi ya ujenzi, alizaa binti. Akanitajia jina la binti, jina la mama yake na kitongoji. Mkewe hakujua, wala watoto wao watano.

"Nikishakufa hawawezi kunigombeza," alisema, akacheka mpaka akakohoa. "Nataka asomwe pamoja na wenzake. Hizo karatasi tia kwenye bahasha, uifunge."

"Baba, karatasi huliwa na mchwa. Naingiza kwenye kompyuta, humo mchwa hawafiki."

"Haya. Wewe ndiye msomi."

Nilichapa yote mchana uleule. Kisha, kwa kuwa ilikuwa siri, nikazitia karatasi kwenye jiko la mkaa na kusimama hapo mpaka zikawa majivu. Nilijiona mtu makini.

Mwezi uliofuata kompyuta iliniuliza kama nataka kusasisha mfumo, nikakubali. Ilipowaka tena ilileta skrini ya bluu, ikidai ufunguo wa tarakimu arobaini na nane. Mimi sikuwahi kuweka ufunguo wowote. Fundi wa kompyuta mjini akanieleza kwamba mashine nyingine hujifungia diski zenyewe bila kumtangazia mwenyewe, na ufunguo hutunzwa kwenye akaunti uliyofungua siku ya kwanza. Akaunti yangu nilifunguliwa na dada wa steshenari moja ya Bombambili. Aliniomba namba ya simu tu, nikampa. Nywila aliiweka yeye, sikuiandika popote. Na laini ile niliiacha ikafa nilipohamia mtandao mwingine.

"Mpigie aliyepewa namba hiyo sasa," fundi alisema. "Akusomee namba atakayotumiwa. Bila hivyo, mzee wangu, tufute kila kitu tuanze upya."

Nilipiga. Akapokea mama mmoja.

"Samahani mama, namba hii zamani ilikuwa yangu. Utaingia ujumbe wenye tarakimu, naomba unisomee tu."

"Nikusomee!" Nikamsikia akiwaita waliokuwa naye. "Njooni msikie, leo tapeli kaja na samahani." Wakacheka. "Baba, tafuta jembe ukalime."

Akakata. Nilipopiga tena, haikupita. Sikumlaumu, hata mimi ningekata.

Hapo nilipaswa kuvuka barabara. Jirani yangu alikuwa hai na akili zake timamu, na mambo aliyonieleza kwa asubuhi mbili angeweza kuyarudia kwa nusu saa. Ilikuwa kusema tu: baba, nimepoteza, tuanze tena. Badala yake nilijiambia nitafute kwanza njia nyingine. Nikaenda Bombambili, nikakuta steshenari imekuwa saluni. Nikakisia nywila, moja baada ya nyingine, nikiziorodhesha kwenye daftari, mpaka akaunti ikanigomea. Wiki tatu zikapita. Kila nilipompa shikamoo, aliitikia kisha akauliza, "Mzigo wangu upo?"

"Upo salama, baba."

Mara ya mwisho aliongeza, "Lile jina ulilipatia vizuri? Ni la Kiyao, wengi hulikosea."

"Nimelipatia."

Presha ilimwangusha siku ya Alhamisi, akafia hospitali. Ijumaa wanawe walinifuata. Niliandika upya kwa kalamu, nikiwauliza watoto tarehe na mahali. Jina la yule binti nililitafuta kichwani, nikapata tu namna midomo ya mzee ilivyokwenda polepole alipolitamka. Kutangaza mtoto asiye na jina, mjane yuko pale mkekani, na shahidi ni mimi peke yangu, sikuthubutu. Nilisimama nikasoma: "Ameacha mjane na watoto watano." Baadaye watu walinishika mkono wakanisifu kwamba nimesoma vizuri.

Arobaini ilipokwisha nilimwendea binti mkubwa wa marehemu, nikamweleza yote. Alikuwa akipepeta mchele, na hakuuweka ungo chini.

"Jina lake?"

"Sikumbuki."

"Kitongoji?"

"Sikumbuki. Ni Mbesa huko."

"Kwa hiyo baba alikuwa hai, wewe unajua umepoteza, unamwambia upo salama."

"Ndiyo."

"Ungekuwa mwizi ningejua nikuite nani, kaka." Akapuliza makapi. "Mama asisikie. Nenda ukamtafute."

Nimekwenda Mbesa mara mbili. Mara ya pili niliwakuta wazee kwenye kibaraza cha duka, wametoka kuswali adhuhuri, wakanipisha nikae. Nikawaeleza nilichonacho: mwanamke, umri wake kama wangu au zaidi kidogo, baba yake fundi mwashi aliyekuja kujenga kutoka Songea.

Nikawatajia na jina la mzee, wakasema kila mwashi wao walimwita Fundi tu. Walitazamana. Mmoja akaniuliza kwa upole, kama mtu asiyetaka kunivunja moyo, "Mafundi wa Songea walikuja wengi, kaka. Na walikaa sana. Wewe unamtaka wa yupi?"