Mashine ya Taa Iliyokaa Matanga

Mimi si mtu wa kujishusha, kwa hiyo niseme mapema: mashine ikiliwa na batri, kwa upande wetu huu wa ziwa, huletwa kwangu. Kibanda changu kiko Nyamianda, nami ni mwanamke, jambo ambalo wateja wapya huchukua muda kulizoea. Huuliza fundi yuko wapi. Huwaacha waulize. Redio, ampli za makanisa, vinanda vya umeme, vyote nimevifungua, na mara nyingi najua ugonjwa kabla ya skrubu ya mwisho kutoka. Batri ndogo ikivuja ndani ya mashine hunuka kama ndagala, wale dagaa wa ziwani, walionyeshewa mvua kabla ya kukauka.

Kabla ya Pasaka iliyopita alifika mama mmoja na shemeji yake, kaka wa marehemu mume wake. Walikuwa wamepakia kwenye pikipiki kitu kirefu kilichofungwa kitenge. Shemeji alipokifungua, nikaona konsole ya kuongozea taa za jukwaa, ya kizamani, iliyonunuliwa kuukuu Bujumbura kwa ajili ya kundi la maigizo la parokia yao. Mashine hiyo ina safu ya vishikio, kila kimoja kinapandisha na kushusha taa yake. Ukishapanga taa unavyotaka, unairekodi, na siku ya mchezo unabonyeza kitufe kimoja tu. Kinachoshika kumbukumbu hiyo umeme ukizimwa ni batri ndogo ndani.

Mume wake ndiye aliyekuwa mtu wa taa. Alizipanga zote za mchezo wa Pasaka, kisha akafariki. Mke alikuwa mwigizaji, naye bado anaigiza.

"Uitengeneze, lakini batri usiitoshe," akaniambia, yaani nisiitoe. "Taa za bwana yangu ziko mule. Ukiitosha zinapotea, na minye sina kitu ingine alifanya na mikono yake."

Ningeweza kumjibu palepale, kwa maana harufu ilikuwa imeshanifikia. Nikamwomba aketi, nikafungua.

Ukijani ulikuwa umetanda nusu ya sirkiti, na juu yake utando wa kijivu nisioutambua. Nikamtazama shemeji. Akakiri bila aibu kwamba aliosha kwa maji ya majivu. Nikakasirika, halafu nikamwelewa. Wavuvi wetu hubeba batri za gari majini ili kuwasha taa za kuvutia ndagala, na kila nyumba ya pwani inajua kwamba asidi ikimwagika unaituliza kwa majivu. Lakini uvujo wa batri hizi ndogo si asidi, ni wa ukoo mmoja na majivu yenyewe. Alikuwa anapunguza chumvi kwenye mchuzi kwa kuongeza chumvi.

Swali langu kubwa lilikuwa jingine. Nikauliza mashine iliwashwa lini mara ya mwisho.

"Tangu alikufa hatukuigusa," akasema shemeji. "Ni kazi yake ile. Tulisema tungoje kutosha kilio kwanza. Halafu ziwa ikapanda, ikachukua nyumba, famia ikatawanyika, kilio ikangoja. Tumeitosha juzijuzi tu. Njo tukafungua kitenge."

Kutosha kilio kwetu ni kumaliza matanga, na kabla ya hapo vitu vya marehemu havishikwi. Hapo nikajua yote. Batri ile hujichaji mashine ikiwa imewashwa. Ukiiacha miaka gizani inakauka, inapasuka, inamwaga uchafu wake. Kumbukumbu zilikuwa zimefutika zamani, mashine ikiwa bado imekaa matanga ndani ya kitenge, wakati wao wakiamini wanazilinda. Nikamwambia mama bila kuzungukazunguka, maana kumdanganya mfiwa siwezi.

Akauliza, "Na kama tungekuwa tunaiwasha?"

"Zingekuwako bado, mama."

"Basi njo minye nilimuzima."

"Hapana. Weye uliheshimu kilio. Batri haijue kilio."

Nilitamka kwa ukali kuliko nilivyokusudia, lakini aliinua kichwa. Akaniruhusu kuikata batri ile.

Kazi yenyewe niliifurahia, siwezi kuficha. Niliing'oa batri, nikaminya ndimu, nikapiga mswaki mpaka povu likakoma, nikasuuza kwa yale maji safi ya kuongezea batri za gari, nikaanika. Njia za shaba zilizolika nikazikwangua kwa wembe na kuziunga kwa nyaya nyembamba kama nywele. Batri mpya niliiweka mbali na sirkiti, kwenye kijumba chake, ili ikivuja tena ivuje peke yake. Nilipoiwasha, vitaa vyake vyote vikawaka. Kumbukumbu ilikuwa tupu, kama nilivyosema.

Nikaipeleka mwenyewe kwenye ukumbi wa parokia, tuzipange taa upya. Nilidhani mama atakaa karibu nami aniambie rangi. Badala yake akapanda jukwaani, akafumba macho.

"Taa zake sikuziona hata siku moja," akasema. "Nilikuwa huku juu, natazama watu. Lakini nilikuwa nazisikia ku ngozi. Pandisha ya kushoto."

Nikapandisha.

"Bado. Bado. Hapo. Sasa ile ya nyuma, ilikuwa inanichoma shingo kidogo."

Taa hizo za zamani zina joto kweli, na ngozi yake ilikuwa imeshika kila moja. Alikwenda toka sehemu moja ya jukwaa hadi nyingine, akisema maneno ya mchezo kwa sauti ndogo, nami nikisukuma vishikio na kurekodi. Pale aliposita, alirudi nyuma, akapita tena. Nimetengeneza mashine nyingi, lakini sijawahi kuwa na furaha kama ya mchana ule.

Tukafika mwisho, alfajiri ya kaburini. Yeye ndiye mwanamke anayefika na kukuta liko wazi. Kwaya ikimaliza wimbo, mwanga unapaswa kuja. Akauimba wimbo peke yake mpaka mwisho, nami nikapandisha taa papo hapo, safi kabisa.

"Hapana," akasema, macho bado yamefumba. "Shusha. Hapa alikuwa anachelewa. Kila mwaka. Anasikiliza wimbo, anasahau mukono. Minye nasimama mu giza kama mujinga, watu wanaanza kukohoa. Tulikuwa tunagombana juu ya ile mpaka nyumbani."

Nikamwambia mashine hii haisahau, ninaweza kulinyoosha kosa hilo.

"Umuache achelewe," akasema.

Akauimba wimbo tena. Ulipokwisha, nilingoja kwenye giza mpaka aliponiambia, kisha nikaleta mwanga, nikarekodi vyote viwili, giza lile na mwanga.