Na Moshi Je?

Nakumbuka asubuhi moja ya wakati wa korona, mwanangu, nilipokemewa kwa kosa la kujibu salamu vizuri. Wazee wenzangu hupenda kusimulia makosa ya ujana. Mimi nilikemewa nikiwa na mvi, na uchungu wake ninao hadi leo.

Nilikuwa mpishi wa shule ya binafsi huku Mogogosiek, kwa Wakipsigis. Shule ilipofungwa, watoto walirudi kwao, masufuria yakafunikwa, na mshahara ukakatika. Mke wangu nilishamzika, na jamaa zangu wako mbali, upande wa ziwani. Nikabaki peke yangu kwenye chumba cha kupanga pembeni ya mashamba ya chai, mimi niliyezoea kelele za foleni ya uji.

Njaa niliijua tangu utotoni, haikunitisha. Upweke ndio ulionishinda. Mwanzoni nilijisemesha, baadaye nikanyamaza kabisa. Nikaacha kunyoa ndevu, nikaacha hata kufungua dirisha. Niliwaza kwamba nikifa, harufu ndiyo itakayowaambia watu. Na mpishi aombe chakula kwa nani? Aibu ilinifunga mdomo kuliko barakoa.

Kila asubuhi alipita bibi mmoja mwenyeji, akipeleka maziwa. Sote tulimwita Kogo, ndilo neno lao la bibi. Akifika kwenye ua wangu huita, "Chamgei!" Salamu hiyo ya Wakipsigis ina jibu moja tu: "Chamgei mising!" Na mising ni "sana". Nilijifunza jibu hilo nilipofika huku, nikasifiwa sana, basi nikalitoa kwa sauti ya juu kupitia mlango uliofungwa. Kisha narudi kujilaza.

Asubuhi hiyo nilijibu, lakini sikusikia nyayo zake zikiondoka.

"Fungua mlango," akasema kwa Kiswahili chake cha lafudhi nzito.

"Kuna korona, Kogo."

"Hiyo korona hata haijafika kwako na wewe unakufa. Mimi nasalimia wewe kila siku, unasema mising, mising. Moshi ya jiko yako imepotea wapi? Hiyo ni mising kani?"

Nikafungua kidogo. "Sina chakula," nikasema. Ni maneno mawili tu, mwanangu, lakini nikalia kama mtoto. Wala hakunibembeleza. Alinitazama kwa hasira.

"Umenitanganya," akasema, "na umenitanganya na lugha yangu."

Akaweka kibuyu cha mursik, maziwa yao ya mgando, kwenye kizingiti. Akarudi nyuma, akaketi kwenye nyasi, mbali nami, hadi nilipomaliza. Ladha yake siikumbuki. Nakumbuka tu kwamba kulikuwa na mtu akinitazama nikila.

Tangu hapo alinisalimia, akangoja jibu langu, halafu akauliza tena, "Na moshi?" Siku nyingine nilisema upo. Siku nyingine nilisema ukweli.

Kisha ugonjwa ukamchukua yeye. Alizikwa haraka haraka, na watu wachache tu, sisi majirani tukazuiwa nje ya ua. Nikaita kutoka pale, "Chamgei, Kogo." Nikasimama nikingoja jibu, ingawa nilijua halitakuja.

Mwanangu, mficha maradhi kifo humuumbua. Ukiulizwa hali, usijifiche nyuma ya adabu ukaoza ndani kwa ndani. Na ukimsalimia jirani, hasa mgeni, hasa anayeishi peke yake, usiondoke na jibu lake la kwanza. Wamesema mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Ni kweli, lakini hakuna anayemkataza kuuliza mara ya pili.

Mungu akujalie moto jikoni usiozimika, na jirani wa kuutazama moshi wako. Na siku moshi huo ukikosekana, jirani huyo aikatae mising yako, abishe hodi mpaka ufungue.