Mambo Aliyokuwa Nayo Mama Zaina

Kuna asubuhi moja ya miaka ya vita ambayo bado inanirudia, mwanangu, hasa ninapopita karibu na stesheni yetu ya Kindu na kusikia treni ikipiga honi. Wakati ule honi hazikuwepo. Treni ilikuwa imeacha kuja, meli za mtoni pia, na majani yalikuwa yameota katikati ya reli hata mbuzi wakawa wanajilisha pale. Kilichokuwa kinatembea ni miguu ya watu na baiskeli. Baiskeli zenyewe hazikupandwa, zilisukumwa: gunia la mchele huku, madumu ya mawese kule, na fimbo ndefu imefungwa kwenye usukani ili msukumaji apate pa kushika. Chumvi yote tuliyokula mjini ilifika hivyo.

Mimi nilikuwa kijana asiyetulia. Shule niliiacha mapema, kwa sababu mwalimu alichoka kuulizwa na mimi nilichoka kunyamazishwa. Nikaenda Kailo, nikaenda kuchimba madini kule Pangi, nikarudi. Nilijaribu useremala, nikajaribu kushona viatu, na kila fundi alinifukuza kwa kosa lilelile. Unajua desturi ya mafundi wetu: mwanafunzi anatazama, anashika taa, anafagia, hasemi kitu. Mimi nilikuwa nauliza. Kwa nini msumari huu unapinda? Kwa nini gundi hii inanuka? Fundi viatu alinipigia kelele, "Weye mutoto, ulikuja kujifunza ao kunihukumu?" Nikatoka na kandambili mkononi.

Ndipo nikafika kwa Mzee Ramazani. Alikuwa fundi wa zamani wa atelie ya reli, yaani karakana ya kutengeneza treni, na treni zilipokosekana yeye akabaki mlinzi wa ghala lililojaa kimya. Shirika moja la misaada lilimletea funguo za baiskeli, yaani spana, na gundi ya matairi, likamwomba afundishe watu waliokosa kazi. Alikubali kwa sharti moja, kwamba atafundisha anavyotaka. Na alivyotaka ilikuwa ajabu kwetu. Alikuwa anafungua gurudumu lote, anamwaga vipande vyake kwenye mkeka, kisha anasema, "Ulizeni." Mwanangu, siku ya kwanza nilidhani ananitega.

Tulikuwa watu wa kila namna. Kulikuwa na Musafiri, aliyekuwa amebeba bunduki msituni na kuiacha, ambaye hakuna tajiri aliyetaka kumpa hata gunia la kubeba. Walikuwepo wachimbaji waliokimbia mashimo. Na alikuwepo Mama Zaina, mwanamke pekee. Alikuwa ametoka upande wa Kabambare kwa miguu, na watoto wake na mdogo wake wa kike aitwaye Sikujua. Bwana wake alikamatwa njiani ili abebeshwe mizigo, na hakurudi. Mama Zaina alikuwa na vidole vyepesi. Rimu iliyopinda aliizungusha mbele ya jicho moja, akakaza waya mmoja, akalegeza mwingine, hadi ikakimbia sawa. Sisi tulikuwa tunaipiga nyundo.

Sasa ujue kilichokuwa mbele yetu. Papa Leoni, mkubwa wa wasukuma baiskeli, alikuwa na kibanda bandarini, pale baiskeli zinaposhuka kutoka kwenye mitumbwi zikiwa zimevunjika vibaya. Alimwambia Mzee Ramazani, "Nipe fundi mumoja tu, lakini awe fundi kweli. Akae kwa kibanda yangu." Nafasi moja. Kwa mtu aliyekuwa analisha watoto kwa kupalilia mashamba ya wenzake mtaa wa Mikelenge, nafasi hiyo ilikuwa ni kula kila siku. Sote tulijua ni ya Mama Zaina, na Musafiri alikasirika kidogo, akasema, "Mwanamuke na funguo! Watu watacheka mpaka Kibombo." Mama Zaina hakuinua kichwa. "Wacheke wakisukuma," alimjibu. "Baiskeli ikivunjika watanyamaza."

Kisha mvua zikaanza, na Mama Zaina akaanza kukosa kuja. Leo yupo, kesho hayupo. Akija, tunamuuliza, anasema, "Niko na mambo." Basi. Na hapa, mwanangu, nataka unisikilize vizuri, kwa sababu hili ni letu. Mtu wa kwetu akikwambia ana mambo, adabu inakutaka unyamaze. Mambo yanaweza kuwa ugonjwa, msiba, ugomvi wa nyumba. Kumuuliza ni mambo gani ni kama kufungua sufuria yake jikoni. Kwa hiyo tunasema "pole," tunaendelea na kazi, na mtu anapotea mbele ya macho yetu tukiwa na adabu zetu zote.

Siku zikapita bila yeye kuonekana kabisa. Papa Leoni akatuma neno kwamba hawezi kungoja, na kama mwanamke hataki kazi, basi Mzee ampeleke Musafiri. Mimi udadisi ukaniwasha. Nilimuuliza muuza mihogo, akasema Mama Zaina amepata mwanaume. Nilimuuliza jirani yake sokoni, akasema anajivuna. Musafiri alisema, "Mambo ya wanawake, bwana. Wacha." Nikarudi kwa Mzee Ramazani na majibu yangu yote kama mtu aliyetoka kuvua samaki.

Mzee alikuwa anakata tairi la lori ili atoe ukanda wa kuvisha gurudumu la baiskeli, maana mipira ya ndani ilikuwa imekwisha mji mzima. Aliacha kisu. Akaniangalia.

"Umeuliza Kindu yote," akasema. "Mwenyewe umemuuliza?"

"Hapana, Mzee. Naona haya."

"Haya ya kumuuliza yeye unayo, ya kuuliza watu juu yake huna? Hiyo si kuuliza, mwanangu. Hiyo ni kumusema. Enda kwake."

Maneno yale yalinichoma. Nilikwenda Mikelenge chini ya manyunyu, nikauliza nyumba, nikaonyeshwa kijumba cha udongo pembeni ya shamba la mihogo. Mlango ulikuwa umefungwa. Nikapiga hodi.

"Usiingie!" Ilikuwa sauti ya Mama Zaina, kali sana.

"Shikamoo, mama. Ni mie, wa atelie."

"Marahaba. Rudi. Niko na mambo."

Nikataka kugeuka, kama tulivyofundishwa. Lakini maneno ya Mzee yalikuwa bado ya moto. Nikakaa chini, nikaegemeza mgongo wangu ukutani, nikaangalia shamba ili hata kwa bahati mbaya nisimwone. Nikasema, "Mama, nimekaa nje, nimekupa mgongo. Nimekuja kukuuliza weye mwenyewe. Ni mambo gani?"

Mtoto akakohoa ndani. Nikangoja. Kwa mtu kama mimi kungoja ni kazi ngumu kuliko kubeba chumvi. Halafu sauti ikaja chinichini, karibu na ukuta, upande wa pili wa mgongo wangu.

"Mdogo wangu Sikujua ametoka na kikwembe."

Sikuelewa mara moja. Alinieleza polepole. Walipokimbia, vitu vyao viliibwa njiani. Waliingia Kindu na kikwembe kimoja tu, yaani kitenge cha kujifunga, yeye na mdogo wake. Wakati wa jua walibadilishana: mmoja akitoka, mwingine anabaki ndani. Usiku wanakifua, asubuhi kimekauka. Mvua zilipokuja kikawa hakikauki, na Sikujua alikuwa amepata shamba la kulima ambako wanampa mihogo ya siku. Wakachagua mihogo. Kikwembe kikaenda shamba, na fundi wetu akabaki nyuma ya mlango.

"Usimuambie muntu," akasema. "Nitakufa kwa haya."

"Sitamwambia," nikasema. Na nikarudi mjini nikijiuliza, mwanangu, kitu ambacho bado najiuliza: ni watu wangapi tuliokuwa tunawaita wavivu walikuwa wamekaa nyuma ya milango yao wakisubiri nguo ikauke?

Mzee Ramazani alinikuta mlangoni pa ghala. "Umemuuliza?"

"Ndiyo."

"Anakataa kazi?"

"Hapana, Mzee."

"Basi usiniambie ana nini. Niambie anahitaji nini."

Nikafikiri. "Anahitaji nguo ya kazi."

Akanitazama, akatazama mvua, akanitazama tena. Hakuuliza kitu zaidi. Alikwenda kuomba ruhusa kwa mkubwa wake wa reli, na aliporudi akafungua sanduku refu la mbao. Ndani mlikuwa na salopeti za buluu, zile nguo za kazi za suruali na shati kwa kipande kimoja, walizokuwa wanavaa mafundi wa treni. Zilinuka grisi na panya. Akatuita wote.

"Kuanzia kesho," akasema, "hapa ni atelie. Kila muntu atavaa hii, na atatoka nayo nyumbani kwake. Nataka mji uone kama reli bado iko na watu."

Musafiri akacheka. "Na Mama Zaina, Mzee? Hata yeye?"

"Nilisema kila muntu. Weye si muntu?"

Mimi ndiye niliyeipeleka Mikelenge. Niliitundika kwenye mlango, nikasogea. Nikasema kwa sauti, "Mama, Mzee ametoa salopeti kwa wote."

"Kwa wote?"

"Kwa wote. Hata mie ninayo hapa, mikono inazidi."

Mkono ukatoka, ukaichukua.

Asubuhi niliyokuambia mwanzoni ndiyo hii. Tulikuwa tumesimama stesheni, sote tumevaa buluu kama watoto wa shule moja, na tukamwona anakuja kando ya reli. Amefunga kitambaa kichwani, miguu ya suruali ameikunja, na mkanda wa mpira wa tairi kiunoni. Mwanamke Mwislamu wa Kabambare katika suruali ya fundi wa treni! Wanawake wa soko walisimama. Vijana walipiga miluzi. Mmoja akapaza sauti, akimwita kwa jina la wafanyakazi wa reli, "Ee mama cheminoo! Treni imefika?"

Mama Zaina hakupunguza mwendo. "Treni bado," akasema. "Mie ndio nimefika."

Watu walicheka, lakini kilikuwa kicheko cha kumpisha. Siku ileile Papa Leoni alimletea baiskeli iliyoanguka na mzigo, rimu imekunjika kama sikio. Mama Zaina aliishughulikia hadi ikazunguka sawa. Papa Leoni aliizungusha mara moja, akaizungusha tena, akasema, "Kesho uje bandarini." Musafiri ndiye aliyembebea funguo zake. Na kitu cha kwanza alichonunua Mama Zaina kwa malipo ya kazi ile kilikuwa kikwembe, akampa Sikujua.

Mimi sikuwa fundi mzuri, nikuambie ukweli. Niliendelea kutangatanga, na hata sasa mvi zimejaa bado natoka nikisikia kuna jambo jipya. Siku hizi napenda kukaa kwenye baraza ya kile kituo cha mafunzo kule Mikelenge, ninyi mnapojifunza kutengeneza pikipiki na kufunga sahani za umeme wa jua. Mama Zaina anakuja kuwafundisha breki na mnyororo, bado anavaa salopeti, ingawa vikwembe anavyo tele. Mara ya kwanza alipoingia alikagua chumba, akauliza watoto wachanga wa wanafunzi wanalala wapi. Sasa kuna mkeka pembeni na bibi mmoja wa kuwalea. Vituo vyenye funguo na vyerehani nimeviona sehemu nyingi. Mkeka ule ndio ninaoutazama zaidi.

Naandika haya kwa ruhusa ya Mama Zaina mwenyewe, na kwa sababu yako, mwanangu, wewe ambaye wiki hii hujaonekana. Nimeuliza, nikaambiwa una mambo. Nimekumbuka kisu cha Mzee kikisimama kwenye tairi, nikaacha kuuliza wengine. Nitakuja mwenyewe, nitakaa nje, nitakupa mgongo. Labda unakaa ng'ambo ya mto na mtumbwi haukungoji. Labda hujui kusoma yanayoandikwa ubaoni. Labda ulikuwa na silaha na unaogopa macho ya wenzako. Mimi sijui, na sitaki kubahatisha. Ninachojua ni kwamba mafunzo hayaanzi na funguo. Yanaanza pale mtu anaposema kinachomzuia, na mwingine anasikia bila kukitangaza. Kwa hiyo usipotee na neno lile letu moja, "mambo." Litaje jambo lenyewe kwa mtu mmoja unayemwamini. Na wewe utakapokuwa fundi na kuona mwenzako anakosa kuja, usimseme sokoni. Nenda kwake, uliza, kisha ufunge mdomo na ufungue sanduku.

Mungu akukaushie nguo wakati wa mvua, mwanangu. Akupe kazi ambayo utatoka nayo nyumbani kichwa juu. Na mimi nikipiga hodi, akupe ulimi wa kunijibu.