Ng'ombe wa Wifi Yangu

Mimi niliolewa kwa ng'ombe wa wifi yangu. Nalisema mapema ili mtu asije akadhani nasimulia habari za watu wengine. Ng'ombe wale walitoka zizi la tajiri mmoja wa kijiji chetu, upande wa Lalago, wakaingia kwa baba mkwe kama mahari ya binti yake mdogo. Hawakukaa sana. Waliswagwa mpaka Shishiyu kwa baba yangu, kama mahari yangu mimi. Kwetu mambo yalikwenda hivyo: binti anaolewa, kaka yake anapata cha kuolea. Ila mimi nilikuwa nimeshafungishwa ndoa kanisani na kuimbiwa na kwaya, na wifi yangu ndiyo kwanza amemaliza darasa la saba. Tajiri alikubali kumsubiri mpaka pamba ivunwe.

Ilikuwa enzi ya ruksa. Chama cha ushirika kilikuwa hoi, wanunuzi binafsi wanakuja na malori yao, duka la kijijini limejaa sabuni, mitumba na redio. Mchungaji wetu, ambaye alikuwa akitujia na pikipiki kutoka Bariadi, alipenda sana kuhubiri juu ya nyakati mpya. Jumapili moja akasema binti si bidhaa, binti ana haki ya kusoma, na mzazi anayemuuza binti yake anamuuza Kristo. Tukaitikia amina. Baba mkwe, mzee wa kanisa, aliitikia kwa sauti kuliko wote. Mimi nilikuwa nimekaa upande wa wanawake, nikajiuliza kama amesahau zizi lake.

Shangazi hakuitikia. Alikuwa dada wa baba mkwe, mjane asiyejaliwa mtoto, nyumba yake ng'ambo ya korongo, mbele ya kwetu. Kosa lake lilikuwa moja tu: aliyaamini yale mahubiri. Pamba ilipoanza kupasuka alimchukua wifi yangu, akampeleka mji anaoujua yeye, kwa watu anaowajua yeye, akasome. Akarudi peke yake na kwenda moja kwa moja kwa kaka yake.

"Mtoto yuko shule," akamwambia. "Habari ya ng'ombe mtajua wenyewe."

Ungekuwa ugomvi wa ndugu tu ungekwisha. Lakini sungusungu, walinzi wa kijiji, waliitisha mkutano, na mzee mmoja akauliza, leo kafichwa huyu, kesho ng'ombe wa nani watakuwa salama? Kila mwenye zizi akajiona yeye ndiye aliyeibiwa. Shangazi akatakiwa ataje binti alipo. Akakataa, wakamtenga.

Watu wa mjini wakisikia kutengwa wanadhani ni kununiwa. Thubutu. Kutengwa kwetu ni kunyimwa moto. Asubuhi tulikuwa tunaombana kaa la moto nyumba kwa nyumba, maana kuni hakuna, tunapikia kinyesi cha ng'ombe na mabua ya pamba. Aliyetengwa hapewi kaa. Hachoti maji wenzake wakiwa kisimani, na salamu yake haiitikiwi. Nilimsikia shangazi akisema "Mwangaluka" njiani, kwa sauti yake ile ya uchangamfu, na watu wazima na akili zao wakatazama miguu yao. Viberiti vilikuwa tele dukani, lakini mwenye duka alishaonywa.

Mnunuzi wa pamba yeye hakuonywa na mtu. Shangazi alibeba pamba yake kichwani, furushi kwa furushi, hakuna aliyemsaidia, na yule mgeni akaipima kama ya mtu mwingine yeyote, akamlipa na kumwambia ahsante mama. Mpaka leo jambo hili linaniuma. Pesa haikumtenga. Tuliokuwa tumebatizwa naye ndio tuliomtenga.

Mchungaji alipokuja kwa Meza ya Bwana, wazee walimkalisha kwanza nyumbani kwa baba mkwe. Mimi ndiye niliyewapelekea chai, kwa hiyo niliyasikia. Hawakutaka kumfukuza shangazi; hapana, walisema meza ni ya Bwana. Walitaka tu anywe wa mwisho. Mchungaji alikoroga chai yake muda mrefu. Kisha akasema hilo halina shida, la muhimu ni amani ya kanisa.

Basi tukanywa. Kanisa letu lilikuwa na kikombe kimoja, mchungaji anatunywesha, baba mkwe anafuta ukingo kwa kitambaa cheupe. Shangazi alikuja mbele tulipokwisha sote, akapiga magoti peke yake, akanywa. Ndani ilibaki divai. Desturi ilikuwa mchungaji aimalizie, na kila mmoja wetu aliijua desturi hiyo. Mchungaji alikitazama kikombe, akatutazama sisi, akampa baba mkwe. Baba mkwe akatoka nacho mlango wa pembeni. Tulisikia divai ikimwagika kwenye vumbi.

Shangazi alikuwa bado amepiga magoti. Aligeuza kichwa.

"Hata hapa, kaka?"

Mchungaji akaanzisha wimbo, nasi tukauimba.

Baada ya siku ile hakuja tena. Mama mkwe alikuwa akimpelekea moto kwa siri, kaa dogo ndani ya kigae, amelifunika kwa majivu, anajifanya anakwenda shamba. Akaonekana. Nyumba yetu ikatozwa mchenya, yaani faini ya kuwalisha wanakijiji, na dume letu likachinjwa na kuliwa uwanjani. Baba mkwe akamwambia mkewe akirudia atarudi kwao. Mama mkwe akaacha kupeleka. Na mimi sikupeleka badala yake. Nilikuwa na mimba, na katika nyumba ile nilikuwa nimekaa juu ya ng'ombe wale wale.

Mvua zikaanza. Kila asubuhi nikifungua mlango nilitazama ng'ambo kwanza, kwenye paa la shangazi, kama kuna moshi. Kulikuwa hakuna. Nilijifunza kutambua kama yuko hai kwa mlango: ukiwa wazi, yuko hai. Mara moja alinipungia mkono. Nilitamani kumpungia, nikaona aibu, nikaona hofu, sijui kipi kilitangulia. Halafu kukawa na asubuhi ambayo mlango haukufunguliwa, na iliyofuata pia, na mama mkwe akajifunga kanga kiunoni akavuka korongo bila kumuaga mtu.

Siku hizi mimi ni mzee wa kanisa. Ninashika kitambaa kile kile cheupe, na tumeshapata vikombe vidogo vidogo, kila mtu na chake, eti kwa ajili ya afya. Wifi yangu alisoma akawa muuguzi. Akija hulala kwangu na anacheka sana, lakini kule ng'ambo hafiki. Baba mkwe alimlipa tajiri kidogo kidogo, na ng'ombe wa Shishiyu hawakurudi. Ndoa yangu ikabaki nzima. Nimeomba toba miaka yote hii na bado sijui niiombe kwa nani, kwa sababu nikimfikiria Yesu siku ile simuoni ndani pamoja nasi. Namuona nje, mlango wa pembeni, kwenye vumbi.

Aliyetengwa hachimbiwi kaburi na kijiji. Mchungaji alituma neno kwamba njia imekatika, na kweli ilikuwa imekatika. Kwa hiyo kaburi la shangazi baba mkwe alilichimba mwenyewe. Udongo wa mbuga ukilowa unanata kwenye jembe, unautoa unarudi, na maji yanajaa chini. Mume wangu alitaka kumsaidia, baba yake akamfukuza. Watu walisimama kwenye kaya zao wakitutazama. Mimi na mama mkwe tulimbeba shangazi kwa mkeka. Alikuwa mwepesi mno, na nilichukia wepesi ule. Mama mkwe, ambaye hakujua kusoma, ndiye aliyeomba. Alisema, "Mungu, mpe moto," akaishia hapo.

Baba mkwe alifukia. Alipomaliza alisimama akihema, tope mpaka magotini, mikono imechubuka. Hakulia. Alimuuliza mkewe bila kumtazama:

"Hakukwambia mtoto alimpeleka wapi?"

Mama mkwe alinyoosha kidole kwenye udongo mbichi.

"Muulize."

Alikuwa anajua mtoto alipo. Niliona kwamba anajua, na baba mkwe naye akaona. Aliokota jembe lake, akatutangulia nyumbani, na mpaka anakufa hakuuliza tena.