Mkuu wa Wilaya Asiyekufa

Siku zile zetu, mtoto alipokuwa anacheza bila kutafuta chaji, sisi wa Igowole tulikuwa na kijiji chetu cha kuigiza ndani ya miti ya miwati nyuma ya kanisa. Kilikuwa cha uongo, ila ugomvi wake ulikuwa wa kweli kuliko wa vikao vingi nilivyohudhuria ukubwani.

Likizo za baridi, ukungu umeshuka mpaka kwenye mahindi, tulikwenda na viazi vya moto mifukoni: kwanza vipashe mikono joto, kisha tumbo. Mwenye hadithi alikuwa Sikudhani, binti wa fundi viatu, darasa la sita, mwembamba kama ufito na mwenye sauti ya kengele. Kila asubuhi alipanda juu ya kisiki akatutangazia yaliyotokea kijijini tulipokuwa tumelala. Daraja limechukuliwa na mvua. Mwalimu katoroka na mke wa mganga. Basi limekwama, na ndani yumo mjamzito. Hapo kila mmoja aliingia kwenye nafasi yake, tukaishi hivyo mpaka mama zetu walipoanza kuita. Mimi nilikuwa muuguzi, sindano yangu mwiba, na wagonjwa wangu walipona haraka sana.

Hakuna aliyeanza na cheo. Mgeni aliingia kama ng'ombe. Alichungwa, alikamuliwa, na akilia vizuri ndipo alipandishwa kuwa mtu.

Festo peke yake hakupitia zizini. Baba yake alikuwa na duka, naye alikuja na tairi la baiskeli ambalo ndilo lilikuwa basi letu. Bila Festo hakuna usafiri. Basi akajipa ukuu wa wilaya, na tangu siku hiyo akakataa kufa. Mkuki ulimkosa. Nyoka alimgonga, akafa nyoka. Sikudhani akasema mafuriko yamembeba. Festo akajibu anajua kuogelea.

"Tangu lini?" tukamuuliza.

"Tangu jana."

Mjukuu wangu Neema, ninayeishi naye hapa Mbeya, anaendesha hadithi ya namna hiyo kwenye simu, akiandikiana na watu waliotawanyika nchi nzima, kila mmoja na nafasi yake. Anasema hata kwao wapo akina Festo. Nilimwomba anisomee. Loo! Wote humo ni wana wa wafalme, wote wazuri, wote wana siri nzito na macho ya rangi ya bahari, na hata bahari yenyewe hawajaiona. Nikauliza nani anachota maji kwenye ufalme huo. Hakuna. Nani anafua? Hakuna. Ufalme mzima haujawahi kula ugali.

Sisi tulicheza tulichokiona. Na mwaka ule tulichokiona ni watu kuhamishwa, kupelekwa kwenye vijiji vya ujamaa. Sikudhani akakiingiza kwenye hadithi. Festo akasimama mbele yetu, tumbo mbele, akanguruma: "Ndugu wananchi, hameni leo hii! Kuku waacheni, nitawatunza mimi!"

Tulicheka hadi tukakaa chini. Hatukusikia hatua. Nyuma yetu, kati ya miwati, alikuwa amesimama kiongozi wa kweli kutoka wilayani, pamoja na mwenyekiti wa kijiji.

"Nani kawafundisha maneno haya?"

Swali hilo halikuwa dogo siku zile. Mzazi aliweza kuitwa ofisini kwa neno la mtoto. Festo, aliyeyashinda mafuriko, nyoka na mkuki, alijikojolea, akamnyooshea Sikudhani kidole.

Sikudhani akashuka kwenye kisiki, akapiga goti. "Shikamoo. Hakuna aliyetufundisha. Hadithi ni yangu."

"Na mimi nimo kwenye hadithi yako?"

"Bado, Ndugu. Mgeni anaanza kama ng'ombe."

Mwenyekiti akaziba mdomo kwa kofia, mabega yakimtikisika. Yule mkubwa akamtazama, akatutazama sisi, kisha akageuka akaenda zake.

Jioni baba yake Sikudhani akaitwa. Tulikaa kando ya barabara kumsubiri, na hakuna aliyegusa kiazi chake. Alirudi kwa miguu yake mwenyewe, uso umekunjamana. "Wamesema nikuzibe mdomo," akamwambia bintiye. Mama yake akatafuta fimbo. Kwenye miwati tukapigwa marufuku wote.

Kijiji kikahamia kisimani. Hakikuwa na kisiki wala tairi. Kilikuwa na ndoo na sauti ya Sikudhani, sasa ya chini, hivyo ikabidi tukae karibu karibu. Sijapata kusikia hadithi tamu kama zile. Baada ya siku kadhaa Festo naye akaja, mikono mitupu, akisoma vidole vya miguu yake. Tukamgeukia Sikudhani.

"Kulia unaweza?" Sikudhani akamuuliza.

Festo akainama, akalia. Alilia vizuri mno. Hata ng'ombe wa kweli ng'ambo ya bonde akaitika. Wiki iliyofuata aliugua kwenye hadithi, akafa, tukamzika kwa heshima zote. Alifurahi kweli, kwa sababu hakutegemea kama tungemlilia.

Juzi nimemkuta Neema amenuna. Dada yake wa hadithini, aliyeandikiana naye kila siku mwaka mzima, kanyamaza ghafla. Wenzake wameandika kwamba binti mfalme huyo amesafiri, na hadithi inaendelea.

"Mmemuulizia kwao?"

"Kwao wapi, Bibi? Hata jina lake la kweli silijui."

Mzaha wote ukaniishia. Sisi usipotokea asubuhi tulikuja kwenu, tukasimama uani na baridi yetu, tukakuita kwa jina ulilobatizwa mpaka utoke.