Asiyejua Kuogelea Katika Ziwa Jipe

Niliondoka Sagalla kwa sababu moja tu: sijui kuogelea. Wengine huitwa mbali kwa ufundi wao. Mimi niliitwa kwa nisichokijua. Ilikuwa miaka ya hamsini, mvua zimegoma na Ziwa Jipe limeshuka, na dada yangu Wakesho, aliyeolewa huko, alipanda mlima mwenyewe kuja kunichukua.

"Kaka, mume wangu atafukuzwa anapovulia," akasema hata kabla ya kupewa kiti. "Kuna ardhi imezama katikati ya ziwa, na samaki wote wako hapo. Sisi twasema ni yetu, watu wa ng'ambo, Tanganyika, wasema ni yao. Sasa wazee wa pande zote wamekubaliana: ni ya upande ambao mtu ataifikia kwa mguu toka ufuoni kwake, bila kuogelea."

"Si mtembee basi?"

"Walitembea! Lakini wavuvi, maji yakifika kifuani, wanaogelea bila hata kujijua. Nani atawaamini? Anatakiwa mtu ambaye akikosa ardhi, anazama."

Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Halafu nikaona yeye hacheki. Mumewe akipoteza pahali pale angerudi kukata mkonge kwenye mashamba ya watu, kazi iliyokwisha kumharibu mgongo. Nikaenda kutafuta shati.

Voi tulipanda gari la moshi la Taveta asubuhi. Abiria mmoja aliposikia niendako akanirukia: "Msagalla na ziwa? Nyinyi si mnanawa umande?" Nikamwambia kwetu maji yakifika kisigino tunayateka, hatuyachezei. Behewa zima likaangua kicheko. Mwatate ilikuwa mkonge mtupu, Maktau vumbi tupu, kisha Kilimanjaro ikajitokeza mbele na theluji yake, na watu wakasogea madirishani.

Taveta, kwenye migomba na kelele za sokoni, shemeji yangu Salim alitupokea.

"Karibu, shemeji. Hujajifunza kuogelea njiani?"

"Bado."

"Alhamdulillahi!"

Lori la mkonge likatufikisha karibu na ziwa, na hapo tukalala.

Kulipokucha wazee wa huku na wa ng'ambo walikuwa wamekaa ufuoni, milima ya Upare imesimama upande wa pili. Mzee wa ng'ambo, mrefu, mwenye kofia ya ukindu kichwani, alinitazama juu mpaka chini. "Tutajuaje kwamba hajui?"

Swali la haki. Wakanipakia mtumbwini, wakanipeleka penye kina, wakanisukuma. Nilishuka moja kwa moja kama ndoo kisimani. Waliponivuta nikiwa nakohoa matope, mzee akaitikia kwa kichwa, ameridhika. "Huyu kweli hajui." Sijawahi kusifiwa vile kwa ujinga wangu.

Baadaye, nilipopata pumzi, nikaanza kutembea kutoka ufuoni, nimeshika fimbo. Mitumbwi ilinifuata kwa mbali, watu wakipiga madebe kuwafukuza viboko. Tope lilininyonya miguu. Maji yakafika kiunoni, kifuani, kidevuni. Niliogopa, sitaficha, nilimwomba Mungu kwa Kisagalla na kwa Kiswahili, nisije nikakosa lugha. Wakesho alikuwa akipiga kelele ufuoni: "Usisimame, kaka! Usisimame!"

Sikusimama. Nilitembea nimeinua uso juu, nikihema kwa pua, mpaka kidole gumba kikagonga kitu kigumu. Ardhi ilikuwa ikipanda! Kifua kikatoka majini, kisha tumbo, kisha magoti, na mtu wa mlimani akawa amesimama katikati ya Ziwa Jipe, mikono juu. Vigelegele nilivisikia kutoka pande zote mbili.

Nilipotaka kuvuka kwenda mbele, fimbo ikazama yote. Nikageukia kando, nikafuata palipo pagumu, hatua kwa hatua, mpaka nikajikuta nimerudi pale pale nilipopandia. Haikuwa kilima, kama Salim alivyodhani miaka yote. Ilikuwa imezunguka kama ukingo wa sufuria, na ndani yake kina cheusi kimejaa samaki.

"Sasa endelea, uje kwetu," akasema mzee wa ng'ambo kutoka mtumbwini.

Hilo nalo lilikuwa haki yake: ningefika kwao kwa mguu, ardhi ingekuwa yao pia. Nikauzunguka ukingo tena mpaka upande wa Upare, nikakanyaga nje yake, na hapakuwa na kitu. Nilizama, na aliyenishika kola ya shati akanivuta alikuwa mzee mwenyewe, kofia yake ikielea.

Alikaa akitweta, kisha akasema kwa sauti ya kusikika na wote: "Ni yenu."

Salim alisogeza mtumbwi wake. "Aliyemvuta shemeji yangu hawezi kukosa kitoweo hapa, mzee. Njoo na wavu wako." Wakapeana mikono, nami katikati yao nikitetemeka kwa baridi na furaha.

Nilirudi Sagalla na furushi la samaki wakavu na mkungu wa ndizi begani, nikitembea kama jemadari. Nilikuwa nimejifunza kwamba ziwa nalo lina milima na mabonde, na kwamba unyayo unayaona vizuri kuliko jicho.

Mama alisikiliza yote, akashika kifua. "Mwanangu, uende sasa ufundishwe kuogelea."

"La, mama," nikamwambia. "Nikijua, ziwa lile litabaki bila shahidi."