Nilisema pombe ya mama mkwe wangu imechacha

Admin, jina langu lifiche, na wanangu wasijue kwamba baba yao anaingia humu. Nina miaka themanini na tisa, naishi Mikumi na mke wangu, ambaye ni mgonjwa sana. Naandika mwenyewe kwa kidole kimoja, mkiona makosa mnivumilie.

Juzi niliona vijana mnaulizana humu baa gani za ufukweni ni nzuri, wapi pana kinywaji safi na watu wachangamfu. Nilicheka peke yangu, kisha roho ikaniuma, kwa sababu zamani mimi ndiye niliyekuwa naulizwa swali hilo.

Wakati wa Mwingereza nilikuwa mkata mkonge kwenye shamba moja karibu na Kilosa. Jumapili kambi nzima iliteremka Mto Mkondoa. Kiangazi maji yakipungua mchanga ulibaki mpana, na kando yake palikuwa na mtaa wa wapika pombe, tukiuita Mchangani. Palikuwa na ngoma za kila kabila na kambale wa kukaanga, na mwenye pombe iliyoiva alifunga kishungi cha nyasi kwenye mti mbele ya mlango wake.

Lakini nyasi hazikuambii kama pombe ni nzuri. Kwa hiyo kambi yetu ilikuwa na utaratibu wake: mtu mmoja anatangulia asubuhi wenzake wakifua nguo, anaonja nyumba baada ya nyumba, kisha anarudi kusema leo tunakwenda kwa nani. Mtu huyo nilikuwa mimi. Mama yangu alikuwa mpika pombe, nilikua nikinusa kimea, na sikulewa upesi. Nikitaja nyumba, watu wote huko. Kijana wa miaka ishirini kusikilizwa na watu wazima, mnajua wenyewe kichwa kinavyovimba.

Mwaka mmoja akahamia pale mjane mmoja na binti yake. Binti nitamwita Felista, ingawa si jina lake. Mama yule alinipa kata ya pombe ya mtama na mpaka leo sijanywa nyingine kama ile. Nikarudi kambini nikaisifu. Walikuja wengi mpaka mtungi ukakauka kabla ya adhuhuri, na mimi niliyewaleta nikakosa hata pa kukaa. Felista alikuwa anakimbia na vibuyu, hakupata nafasi hata ya kunitazama.

Jumapili iliyofuata nikawaambia, "Kwa Mama Felista leo imechacha. Twendeni kwa mwingine." Nilikusudia siku ile moja tu, ninywe kwa nafasi na niongee na binti. Nikawapeleka wenzangu kwingine, kisha nikachepuka kwenda kwa Mama Felista. Nilikaa pale mpaka jioni, mteja peke yangu, na nakiri nilifurahi.

Wiki iliyofuata nikataka kuisifu tena. Tayari maneno yalikuwa yamezunguka kambi zote na kila mtu ameongeza lake. Huyu anasema mama yule anachota maji ya pombe mtoni, upande wa chini ya wanaofua nguo, yule anasema anatia dawa. Nikawaambia pombe imerudi kuwa nzuri. Rafiki yangu Chande akacheka sana. "Bwana, wewe unataka binti wa watu," akasema. "Usituue sisi kwa mapenzi yako." Njia ilikuwa moja tu, kusema kwamba nilidanganya. Nikafikiri nani ataniamini tena, nikanyamaza.

Mama Felista aliendelea kupika Jumapili tatu. Ya mwisho nilimkuta ameshika kata mkononi. Nikamwamkia, "Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Hebu onja uniambie ukweli. Mkono wangu umeharibika?"

"Hapana, Mama. Ni nzuri sana."

"Sasa watu wamenikimbia nini?"

Nikasema sijui. Akaumwaga mtungi wote mchangani, nikimtazama. Hakupika tena. Alikwenda kupalilia mkonge, kazi ambayo hakuiweza, na masika ya pili akafariki, akiamini kuna mtu amemroga. Mimi nikamwoa Felista.

Maisha yetu yote amewasimulia watoto hadithi moja: "Baba yenu ndiye mtu pekee aliyekunywa pombe ya bibi yenu mpaka mwisho, wakati dunia nzima imemkataa." Harusini kwa wanetu ameisema, misibani ameisema. Naye hali wala hanywi kitu mpaka mimi nionje kwanza. Wajukuu wanaona ni mapenzi ya wazee.

Sasa hospitali wametuambia turudi nyumbani tu. Nimejaribu kumwambia mara tatu, kila mara mdomo unakuwa mzito. Jumapili akanishika mkono. "Baba Anna," akasema, "nikimkuta mama nitamwambia yule kijana wake hakuniacha. Labda yeye ameshajua ni nani aliyesema yale maneno."

Nikimwambia, namnyang'anya kitu pekee alichobaki nacho, naye hana nguvu hata ya kunikasirikia. Nikinyamaza, atakwenda kunisifu kwa mtu niliyemuua. Msinitumie maneno ya kunipoza, nimeshajipoza mwenyewe miaka mingi na haikusaidia. Nishaurini tu, wanangu, kama mna la kunishauri, na mnishauri mapema.

Leo asubuhi nimempelekea uji. Akakisukuma kikombe kwangu, kama siku zote. "Onja kwanza," akasema. "Ni wewe tu ninayekuamini." Nikaonja. Nikamwambia ni mzuri.